Hisa za Simu za Mama Mkubwa

Nilikuwa mpokea simu katika ghala moja la kahawa mjini Kigali, na kwa sababu hiyo watu wa mtaa wetu wa Biryogo waliamini kwamba ninajua mambo ya simu. Kazi yenyewe ilikuwa kuinua mkono wa simu, kusema "alo", kuuliza anatakiwa nani, kisha kuchomeka waya kwenye tundu lake. Kuku akifundishwa vizuri angeiweza. Lakini katika mtaa ambao wenye simu nyumbani walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, mtu anayelipwa mshahara kwa kusema "alo" alikuwa mtaalamu, nami sikuwasahihisha. Niliwasahihisha katika mambo mengine yote, hilo nikaliacha lilivyo.

Hasa niliwasahihisha Kiswahili. Nilizaliwa Biryogo lakini nilisomea Kigoma kwa bibi yangu mzaa baba, nikarudi kijana mkubwa mwenye Kiswahili nilichokivaa kama suti ya Idi. Kwetu Kigali kila kitu kilikuwa "iko". Gari iko, mvua iko, mgonjwa iko, hata marehemu iko. Na kwa watu waliotoka vilimani, ambao lugha yao ya kwanza ilikuwa Kinyarwanda, r na l zilikuwa herufi moja: mtu alilala akasema amerara, alinunua kalamu akasema karamu, nawe ukabaki unatafuta pilau iko wapi. Nilikaa nao, nikawasikiliza, na nikahakikisha uso wangu unaonyesha kwamba ninaumia. Nikimkumbuka kijana yule leo, natamani kumzaba kofi.

Mwaka wa tisini na mbili alikuja dalali kutoka Bujumbura. Alikuwa Mnyarwanda aliyelelewa huko, kijana wa tai na mkoba, mwenye manukato yaliyofika kabla yake na kubaki baada yake. Alikuwa anauza aksiyo, ndivyo alivyoziita hisa, za kampuni moja ya simu ya ng'ambo. Kampuni yenyewe siitaji kwa sababu haikumkosea mtu. Alianzia Kimihurura kwa wakubwa wenye nyumba za bustani, wakamnywesha chai, wakamsikiliza kwa adabu, wakamwambia kwamba wao fedha zao huziweka kwenye matofali. Ndipo akateremka kwetu, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuona hisa kwa macho, na wasiojua kitu huwa ni rahisi kuwauzia.

Alipokelewa kwenye baraza la mkahawa ambapo wanaume wa mtaa walikusanyika baada ya sala ya alasiri. Baraza lile nalijua vizuri. Walikuwa watu wa kuzungumza. Kiongozi wao, ikiwa baraza la chai lina kiongozi, alikuwa mzee mmoja mstaafu wa forodha, ambaye kwa miaka thelathini aligonga muhuri kwenye karatasi alizokuwa hazisomi, na tangu astaafu hakuna jambo duniani alilokuwa hana maoni nalo. Pembeni yake alikaa fundi cherehani, mtu mkimya. Wengine walikuwa wa kuitikia.

Na kumbuka ulikuwa mwaka gani. Kaskazini kulikuwa na vita, na mjini vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa. Kila Jumapili kulikuwa na mkutano mahali fulani, na kila mkutano uligawa kofia. Watu ambao maisha yao yote hawakuwahi kuulizwa hata kama wanataka sukari kwenye chai, sasa walikuwa wakieleza kwa kirefu watakavyoipiga kura yao. Kura, kura, kura, kutwa nzima. Ndugu yako akikutembelea, kabla hajauliza habari za watoto alikuuliza kura yako iko wapi. Mimi nilikuwa nimechoka nalo neno lile kuliko nilivyochoka na maharagwe.

Basi dalali akafungua mkoba, akatoa kijitabu chenye picha ya mwanamke wa Kizungu akicheka na mkono wa simu. Kijitabu kilizunguka baraza. Kila mmoja alikipima mkononi, akamtazama yule mwanamke, akampa mwenzake. Hiyo ndiyo ilikuwa tathmini ya kwanza ya hisa za simu katika mtaa wa Biryogo.

"Simu," akasema mzee wa forodha, "iko kama ng'ombe ya maziwa. Haukati nyama. Unakamua tu."

Nilikuwa nikimsubiri huyo ng'ombe. Katika nchi yetu huwezi kuzungumza habari ya mali bila ng'ombe kukatiza katikati. Wote wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Lakini lazima niseme kwamba alichokisema baadaye hakikuwa cha kipumbavu. Alisema kwamba mfanyabiashara akiishiwa ataacha nyama, ataacha nguo mpya, ataacha hata kumtumia mama yake sukari, ila hawezi kuacha simu, maana akiiacha wateja watadhani amefilisika. Kwa hiyo atalipa kila mwezi, na kampuni itakusanya kila mwezi, na mwenye hisa atapata sehemu yake bila kutoka jasho. Kwa mtu aliyekuwa hasomi karatasi, ilikuwa hoja nzuri, na nilimwonea wivu.

"Na ile waya," fundi cherehani akauliza taratibu, "nani iko nalipa?"

Hilo lilikuwa swali moja la akili katika alasiri nzima, na dalali alilijibu kwa tabasamu. Kwa kuwa alitabasamu tu, nikaona nafasi yangu. Nilikuwa nimesoma magazeti ya Kifaransa aliyokuwa akiyaacha bosi wangu, nikawaeleza kama mwalimu. Kampuni ya simu ambayo bado inachimba mitaro na kutandaza nyaya, nikasema, faida yake inarudi ardhini, haigawi kitu au inagawa kidogo. Ambayo imekwisha kutandaza, haina pa kupeleka faida isipokuwa kwa wenye hisa, na hiyo ndiyo ya mtu anayetaka kipato. Na ukiona kampuni inachimba mitaro huku inatoa gawio nono, jiulize hizo fedha zinatoka wapi, maana huenda inakopa ili ikupendeze. Tena ukumbuke kwamba bei ya simu haipangwi na kampuni peke yake. Serikali nayo ina mkono wake, ikiamua bei ishuke itashuka, na gawio lako litashuka nayo.

Sijui kama walielewa, lakini hakuna aliyenikatiza, na kwangu ilitosha. Dalali alinitazama kama mtu anayehesabu kamisheni yake ikipungua, kisha akagundua kwamba nikiwa upande wake nitamfaa zaidi, akanipa karatasi za masharti nizitafsiri.

Karatasi zilisema kwamba hisa ni za aina mbili. Aina ya kwanza ilimpa mwenye hisa haki ya kupiga kura kwenye mkutano mkuu wa kampuni, kuchagua wakurugenzi na mambo kama hayo, lakini haikuahidi gawio lolote mpaka kazi ya kupanua mitambo iishe. Aina ya pili haikuwa na kura hata moja, ila ilipata gawio mara mbili kwa mwaka, kabla ya aina ya kwanza kuguswa. Mambo rahisi. Ningeweza kuyasema hivyo hivyo, au kuziita ya kwanza na ya pili. Lakini nilikuwa na Kiswahili changu cha Kigoma, na kilikuwa kinaniwasha.

"Kwa ufupi," nikasema, "ziko hisa za kura na hisa za kula. Za kura unapiga kura, huli. Za kula unakula, hupigi kura."

Baraza likacheka, dalali akapiga makofi. Nilifurahi kwa jinsi maneno yale yalivyokaa pamoja, tofauti ya herufi moja tu, na nikajiona mtu mwenye kipaji. Mzee wa forodha akayarudia polepole ili ayahifadhi: "Za kura, na za kura." Akacheka tena. Nilisikia kabisa kwamba ametamka neno moja mara mbili. Nililisikia, na badala ya kushtuka nilimdharau.

Mtaa mzima ukaanza kuziita hivyo. Wanawake walizungumza habari zake kisimani, na hivyo zikamfikia mama mkubwa.

Mama mkubwa alikuwa dada wa mama yangu. Wote wawili walitoka kilimani, wakaolewa mjini na watu wa Biryogo. Mama alishika Kiswahili cha mtaa haraka, dada yake hakukishika kamwe, ingawa aliishi nacho zaidi ya miaka ishirini. Mume wake alikuwa dereva wa lori, akafa kwa ajali kwenye njia ya Rusumo, na baada ya kuzungushwa ofisini mwaka mzima alilipwa fidia. Ilikuwa fedha ya kueleweka, si ya kutajirika. Hawakuwa wamejaliwa watoto. Kwa miaka mingi alikuwa akikaanga mandazi na kuuza asubuhi, lakini sasa magoti yalikuwa yamekataa, hakuweza tena kusimama kwenye karai.

Nyumba aliyokaa ilikuwa ya kupanga, vyumba viwili na ua mdogo wenye mti wa limao. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa na bucha Rwamagana na wake wawili, na alikuwa ameanza kumtumia salamu kwamba mjane hakai peke yake mjini, aende akapewe chumba uani. Mama mkubwa alijua maana ya chumba uani. Maana yake ni kuamshwa alfajiri na wake za mtu kuchambua matumbo ya mbuzi, na kushukuru. Hakutaka. Alitaka kitu kimoja tu, afie kwenye nyumba yake akiwa analipa kodi mwenyewe. Aliwaza kwamba fidia akiikalia itakwisha, au itaazimwa na ndugu mpaka iishe, lakini akiiweka mahali pa kuleta kidogo kila nusu mwaka, kodi itatoka humo na unga utatoka humo. Alimwambia mama haya yote alasiri moja sebuleni kwetu. Mimi nilikuwa chumbani nikisoma, mlango wazi, nikasikia kwa sikio moja.

Siku ya kujaza fomu tulikuwa kwenye baraza lile lile, na manyunyu ya mvua yalikuwa yanaanguka. Fomu zilikuwa za Kifaransa, mimi ndiye niliyejaza, watu wakaweka sahihi au dole gumba. Mzee wa forodha alifika wa kwanza. Nikamwuliza anataka zipi. "Za kura," akasema. Nikamwuliza tena, "Za kupiga kura, mzee, au za kula, yaani za gawio?" Akasema za kupata pesa, kwani anaonekana kichaa? Tukacheka, nikaweka alama mahali pake. Fundi cherehani akaja, naye nikamwuliza mara mbili. Wanaume wote niliwauliza mara mbili. Nami nikajiandikia chache za kula kwa akiba yangu ya mshahara.

Mwisho akaja mama mkubwa, akitembea kwa shida, amebeba fidia yake kwenye kitambaa alichokifunga mara nyingi. Juu ya mtandio wake alikuwa amevaa kofia ya chama, mpya, ya rangi kali, iliyomzidi kichwa. Nikasema moyoni, hata huyu. Hata huyu asiyejua kusoma bango amekwenda kwenye mkutano, amejazwa maneno, amerudi na kofia.

"Mama mkubwa," nikamwambia, "za kura au za kula?"

"Za kura, mwana wangu," akasema.

Nikaweka alama kwenye kisanduku cha kura. Sikuuliza tena. Kumwuliza mtu mara ya pili ni kumheshimu, na heshima yangu siku ile ilikuwa imekwisha kwa wanaume. Nakumbuka vizuri nilichowaza. Niliwaza kwamba anataka kupiga kura na Wazungu, basi apige, atajua mwenyewe. Akabonyeza dole lake kwenye wino, akalifuta kwenye kanga, akaniombea dua. Dalali akahesabu fedha, akaandika stakabadhi, jioni hiyo akarudi Bujumbura na tai yake.

Baada ya miezi kadhaa bahasha yangu ilifika, na ndani yake hati ya kuchukulia fedha benki. Kilikuwa kiasi kidogo, lakini kilikuja bila kusema "alo" hata mara moja, na sijawahi kuona fedha tamu kama ile. Nilinunua viatu vyeusi vya kamba. Mzee wa forodha alipata bahasha yake, akaibeba mfukoni wiki nzima akiwaonyesha watu, mpaka ikachakaa. Fundi alipata, hakusema kitu, lakini tuliona amebadilisha mkanda wa cherehani.

Mama mkubwa hakupata. Akaja nyumbani kuniuliza. Nikamwambia, na haya ni maneno yangu mwenyewe, kwamba zake ni nyingi kwa hiyo zinachukua muda kuhesabiwa. Sikuwa nimesahau nilichoandika. Nilikuwa nimeamua tu kwamba hayo ndiyo aliyoyataka, na kwamba kumweleza upya maana ya hisa ni kazi ya kumweleza kipofu rangi. Akasema "yego", yaani ndiyo kwa lugha ya kwao, akaenda zake. Mwezi ule alilipa kodi kwa kuuza kabati la vyombo.

Nusu ya pili ya mwaka ikaisha, bahasha zetu zikaja tena, yake haikuja. Aliuza kitanda kikubwa, akawa analala kwenye kile cha mgeni. Mama akampelekea unga. Mimi nilimpelekea nusu ya gawio langu, akalipokea kwa mikono miwili na kunishukuru kwa maneno mengi mno, mpaka nikaona karaha nikaondoka haraka.

Mwaka uliofuata ndipo bahasha yake ikafika kwa mara ya kwanza. Alimtuma mtu kazini kuniita, kwa furaha. Nikaenda baada ya kazi, nikamkuta amekaa kizingitini akichambua maharagwe kwenye ungo, bahasha ameiweka juu ya mkeka safi, hajaifungua. Nikaichana. Ndani mlikuwa na kadi nzuri nene, yenye maandishi ya kung'aa. Nikamsomea huku nimesimama, nikimtafsiria: kampuni ina heshima kumwalika kwenye mkutano mkuu wa mwaka, katika mji fulani wa Ulaya, saa nne asubuhi, na asipoweza kufika amteue mtu wa kumwakilisha.

"Na pesa?" akauliza.

"Hamna pesa. Wanakualika ukapige kura."

"Kupiga nini?"

"Kura, mama mkubwa. Si ulisema unataka za kura?"

"Yego. Za kura." Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayeulizwa jina lake na mwanawe. "Za kura chakura."

Mikono yake ilikuwa bado imeshika maharagwe. Nilisimama pale na kadi mkononi, nikalisikia lile neno kama ambavyo ningepaswa kulisikia mara ya kwanza. Chakura. Alikuwa akilisema hivyo tangu nizaliwe. Nilikula mandazi yake miaka yote kabla sijapelekwa Kigoma, na kila asubuhi alikuwa akiniambia "kura, mwana wangu, kura", nikala. Wakati ule sikuwahi kudhani ananiambia nikapige kura.

"Na ile kofia?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ya ugomvi. Nilitaka awe na kosa.

"Kofia gani?"

"Ya chama. Uliyovaa siku ile."

Akafikiri. "Ah, ile. Walikuwa nagawa kule barabarani. Iko ya mvua."

Niliona haya mpaka masikio yakapata moto, kisha nikaanza kumweleza. Hapo ndipo ninapojidharau zaidi kuliko kwenye alama niliyoweka, kwa sababu katika kueleza kwangu nilianza na matamshi. Nilimwambia kwamba kuna r na kuna l, kwamba ni sauti mbili, kwamba ulimi unakaa mahali tofauti. Mjane aliyepoteza fidia ya mumewe, nami nikamfundisha ulimi unapokaa. Akanisikiliza kwa adabu. Akajaribu hata kulitamka. Likatoka vile vile.

Niliandika barua kwa dalali siku iliyofuata, nikitumia Kifaransa changu chote. Akajibu kwa upole kwamba kubadilisha aina ya hisa kunafanyika katika kipindi kinachopangwa na kampuni, na kipindi hicho hakijafika. Kuuza kunawezekana, akipatikana mnunuzi, ila watu wa eneo letu wanapendelea aina ya pili. Akaongeza kwamba kwa mtazamo wa muda mrefu, mama yetu amefanya uamuzi wenye busara, kwani mitambo ikishapanuliwa hisa zake zitapanda kuliko za kwetu. Yawezekana ilikuwa kweli. Mwenye miaka thelathini na mshahara angeweza kungoja na kuja kucheka. Yeye alikuwa anadaiwa kodi ya mwezi ule. Nikaandika barua ya pili, ya tatu, na hiyo ya tatu haikujibiwa, maana Bujumbura nako kulikuwa kumechafuka.

Ningeweza kubadilishana naye. Zangu zilikuwa chache, zisingelipa kodi nzima, lakini zingelipa sehemu, na baraza likichanga tungeweza kufika. Nililiwaza. Nilikwenda mpaka kwa mzee wa forodha kumwambia, nikamkuta anawasimulia watu kosa la mama mkubwa, wanacheka mpaka wanashika mbavu, "alitaka kura akapata kura", na yeye mwenyewe msimuliaji alikuwa akitamka maneno yote mawili sawasawa na yule anayemcheka. Nilikaa, nikaagiza chai. Nikacheka nao. Sikusema nilichokwenda kusema, na kesho yake sikwenda tena.

Mwenye nyumba alivumilia kuliko nilivyotarajia. Mwisho wa mwaka wa tisini na tatu akasema kwa heshima kwamba naye ana watoto. Wiki iyo hiyo shemeji mtu alifika kutoka Rwamagana na gari dogo la mizigo lenye harufu ya bucha. Alikuwa mtu mnene, mwenye furaha, wa kugusa vitu. Aligusa sufuria, akagusa magodoro, akagusa mlango wa nyumba ambayo haikuwa yake wala yetu.

"Nilisema mimi," akatutangazia. "Mwanamke na mambo ya simu, wapi na wapi. Si afadhali angenipa mimi hiyo pesa ningenunua mbuzi?"

Ningependa kuandika kwamba alikuwa amekosea, lakini mbuzi wangekuwa afadhali.

Vitu vilikuwa vichache, vikapakiwa upesi. Mama alikuwa analia kimya kimya karibu na mlimao. Fundi cherehani alileta blanketi alilolitia viraka, akaliweka garini. Mzee wa forodha alisimama upande wa pili wa njia, mikono nyuma, akitikisa kichwa kwa huzuni kana kwamba hakuwahi kucheka. Mimi nilivaa vile viatu vyeusi. Nilikuwa nimetoka kazini, sikuwa na vingine.

Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwona mama mkubwa. Miezi michache baadaye ulikuja mwezi wa nne wa mwaka wa tisini na nne, mwezi wa mauaji, na mtu wa Rwanda hahitaji nimweleze zaidi.

Siku ile ya kuhama, alipomaliza kuagana na mama, alikuja kwangu. Magoti yalimsumbua, akanishika mkono ili asimame sawa. Nilidhani anataka nimsaidie kupanda gari.

"Mwana wangu," akasema, "unisamehe."

Nikamwuliza kwa lipi.

"Weye ulisoma. Uliniuliza muzuri. Ni kinywa yangu ndiyo iliharibu. Ningesema muzuri, usingeandika yale mabarua yote, usingesumbuka." Macho yake yalikuwa makavu na alikuwa amekwisha kulifikiri jambo hilo mpaka mwisho. "Usibaki na roho mubaya juu yangu."

Watu wote walikuwa wanasikiliza: mama, fundi, mzee wa forodha, yule muuza nyama ameegemea mlango wa gari. Kilichotakiwa kusemwa kilikuwa sentensi moja fupi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuhitaji Kiswahili kizuri. Hata kwa "iko" kingesemeka. Nilimtazama mzee wa forodha, nikaona anangoja.

"Si neno, mama mkubwa," nikamwambia. "Nimekusamehe."

Akanishukuru.